MTOTO WA MFANYAKAZI SI MVIVU WA KUSOMA

Ndugu Wanachama,

Kuna maneno yanayozunguka mjini, na yafaa tuyajibu kabla hayajaota mizizi. Wakubwa wanayasema mikutanoni. Baadhi ya walimu wakuu wanayasema siku ya wazazi. Na kwa aibu yetu, hata sisi twayasema ndani ya matatu tukirudi Kangemi na Kawangware jioni: kwamba watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, kwamba mtoto wa Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 ni mvivu, akili yake imekwenda kwenye simu na mpira, na ukimpa kitabu atakilalia.

Neno hilo "mvivu" sisi wa vyama vya wafanyakazi twalijua tangu zamani. Mwajiri wa enzi ya mkoloni alimwita mfanyakazi mvivu ili asimwongezee mshahara. Alipotaka kumnyima chakula cha mchana akasema mvivu. Alipotaka kumfukuza bila notisi akasema mvivu. Leo neno lile lile limeshushwa hadi kwa mtoto wa mfanyakazi ili pasiwe na mtu wa kuulizwa kwa nini hajui kusoma. Mtoto akishaitwa mvivu, kesi imekwisha: Serikali imepona, mwalimu mkuu amepona, na mwenye kuuza vitabu vya maswali na majibu amepona. Amehukumiwa mtoto peke yake, naye hakuwa na wakili.

Basi sisi tutakuwa mawakili wake.

MTOTO ANASOMA KUTWA

Mtazame kijana wa miaka 13 akishuka kwa miguu kutoka Kawangware 46 hadi Lavington. Anasoma kila matatu inayopita, jina lake na maneno yaliyochorwa nyuma yake. Anasoma matokeo ya Gor Mahia na AFC Leopards, na ya timu za Uingereza, na anakumbuka kila jina, hata yale yenye konsonanti nne mfululizo. Jioni akipewa simu ya mamaye anaandika ujumbe kwa marafiki mpaka bando inakwisha. Je, huyo hapendi kusoma? Huyo hapendi kuandika?

Sasa mfuate darasani. Anapewa kifungu cha habari juu ya jambo asilolijali, kilichotungwa na mtu asiyemjua, chenye maswali ambayo majibu yake yameandikwa tayari katika kitabu cha mwalimu. Anaambiwa anakili notisi kutoka ubaoni. Anaambiwa aandike insha ya kumpongeza rafiki wa uongo aliyeshinda zawadi ya uongo katika mji asiopata kuufika. Na akimaliza, nani atakayeisoma insha hiyo? Kalamu nyekundu. Itakata mstari hapa na pale, itaandika 14 juu ya 40, na daftari litafungwa.

Twawauliza ninyi watu wazima: ni nani kati yenu angeandika barua akijua kwamba haendi kusomwa na mtu yeyote isipokuwa karani wa kuhesabu makosa? Hata wewe ungeitwa mvivu.

Hoja yetu ni moja, na tunaomba kila mwanachama aishike vizuri ili aweze kuisema katika mkutano wa wazazi. MTOTO WA UMRI HUU HUFUNDIKA KUSOMA AKIPEWA JAMBO LINALOMHUSU, NA HUFUNDIKA KUANDIKA AKIPEWA MTU WA KWELI WA KUMWANDIKIA. Mengine yote ni kupoteza chaki.

HALI ILIVYO

Tusiseme kwa hasira tupu. Mwaka 2021 uchunguzi wa Uwezo, uliotolewa na Usawa Agenda, ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wa Gredi ya 4 nchini Kenya, 4 tu ndio walioweza kusoma sawasawa hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha Gredi ya 3. Watoto wa rika hilo ndio waliofungua Sekondari Msingi mwaka 2023. Ndio waliofanya mtihani wa kwanza wa KJSEA mwaka 2025, nao walikuwa zaidi ya milioni moja.

Tazama basi jinsi mambo yalivyopangwa. Mradi wa Tusome, ulioenea nchi nzima tangu mwaka 2015, uliwahudumia watoto wa madarasa ya chini. Huko kulikuwa na mpango: vitabu vya kusomea, mwongozo wa mwalimu, na wakaguzi wa kumtembelea. Lakini mtoto aliyepita hapo bila kushika kusoma, akafika Gredi ya 7, mwalimu wake anamkuta na kitabu cha Sayansi, cha Kilimo, cha Maarifa ya Jamii, vyote vikidhani kwamba anajua kusoma. Masomo tisa yanamngoja, na mlango wa yote tisa ni kusoma. Hakuna aliyepewa kazi ya kumfungulia mlango huo.

Na mwalimu naye? Sekondari Msingi zilipoanza, maelfu ya walimu wake waliletwa kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kabla ya makato. Sisi katika lugha yetu ya kazi twawaita vibarua. Mtu mwenye digrii, anayefundisha masomo ambayo mengine hakuyasomea, katika darasa lililojaa hadi dirishani, alilipwa kama anayejifunza kazi. Mwezi wa Aprili 2024 Mahakama ya Kazi ilisema mpango huo haukuwa wa haki, na walimu wale wakagoma mpaka katikati ya mwaka. Januari 2025 wale 46,000 wa kwanza waliandikwa kazi ya kudumu, lakini mwezi huo huo wakaletwa wanagenzi wengine 20,000.

Twayataja haya kwa sababu hatukubali mtu atoke kwenye bulletini hii akisema kosa ni la mwalimu. Mwalimu mwenye njaa hawezi kusahihisha insha 70 usiku mmoja. Mwalimu asiyejua kama atakuwapo mwaka ujao hawezi kuanzisha gazeti la darasa. Masharti ya kazi ya mwalimu ndiyo masharti ya masomo ya mtoto.

KWA NINI HILI NI JAMBO LA CHAMA

Wako watakaosema: "Chama kishughulike na mishahara, kusoma ni kazi ya shule." Hao hawajakaa kwenye ofisi ya chama siku ya Jumatatu asubuhi.

Wangekaa wangewaona walinzi waliotia sahihi karatasi ya kusema wamelipwa haki zao zote, na hawakulipwa hata nusu. Wangewaona kina mama wa kazi za nyumbani kutoka Kileleshwa na Lavington walioletewa mkataba wa kurasa tatu, wakaambiwa "weka sahihi hapa chini", wakaweka. Wangewaona vijana waliokopa kwenye simu kwa kubonyeza "nakubali" bila kusoma walichokubali, na sasa mshahara unaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Wangewaona watu wanaoshika hati ya mshahara mkononi bila kujua kwamba asilimia 2.75 iliyokatwa ni ya SHIF, na asilimia 1.5 ni ya nyumba, na kwamba mwajiri naye anapaswa kutoa asilimia 1.5 ya nyumba kutoka mfukoni mwake.

Watu hao karibu wote wamekwenda shule. Wanaweza kutamka kila neno lililo kwenye karatasi ile. Walichokosa ni mazoea ya kuiuliza karatasi: wewe umeandikwa na nani, unataka nini kwangu, na umeficha nini? Mazoea hayo hufundishwa mtu akiwa na miaka 12, 13, 14. Akikosa hapo, atafundishwa na hasara.

Na tukumbuke tulikotoka. Chama cha wafanyakazi katika mji huu kilizaliwa karibu na mashine ya kupiga chapa. Makhan Singh, aliyeijenga Labour Trade Union of East Africa katika miaka ya 1930, alifanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kupiga chapa hapa Nairobi. Silaha yake ilikuwa karatasi ya tangazo, iliyoandikwa kwa lugha za wafanyakazi, ikasomwa kwa sauti na mmoja mbele ya wengi. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda East African Trades Union Congress. Walipokamatwa Mei 1950, Nairobi iligoma, na Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Mkoloni hakuogopa misuli ya mfanyakazi. Misuli alikuwa akiinunua kwa senti. Aliogopa mfanyakazi anayesoma karatasi.

Kumbukeni pia ile nyumba ya mawe yenye simba wawili mlangoni, katika Barabara ya Banda, karibu na Msikiti wa Jamia. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika aliruhusiwa kuingia kwa ajili ya kufagia tu. Mpaka mwaka 1958 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1962 ikashikwa na Baraza la Mji. Baba zetu walipigania mlango ule ufunguliwe. Leo uko wazi kisheria. Je, mtoto wako amepata kuupita? Na wewe, unayepita pale kila siku ukienda kazini, umepata kuupita?

Leo hakuna askari mlangoni wa kumzuia mtoto wetu. Ukuta uko mahali pengine. Yupo dada yetu anayepangusa vumbi kwenye rafu za vitabu katika nyumba ya Lavington, vitabu vya hadithi vya watoto, mia na zaidi, rangi zote. Jioni anavuka barabara kurudi Kawangware, ambako mtoto wake wa umri ule ule ana vitabu vya masomo tu, na wakati mwingine anavigawana na mwenzake. Kitabu cha hadithi hakuna. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ilipoanza, vitabu navyo vilitozwa asilimia 16. Kisha anakuja mtu kwenye jukwaa kutuambia kwamba mtoto huyu "hana utamaduni wa kusoma".

NJIA ZIPO, NA SI GHALI

Hatutaki kulalamika bila kuonyesha njia. Njia zinazowashika watoto wa umri huu zinajulikana, na nyingine ni za kale kuliko uhuru wetu.

Kwanza, GAZETI LA DARASA. Nchini Ufaransa alikuwako mwalimu wa kijijini aitwaye Célestin Freinet, aliyejeruhiwa mapafu katika Vita Kuu ya Kwanza, asiweze kusema kwa muda mrefu mbele ya darasa. Mwaka 1924, katika shule ya Bar-sur-Loup, aliingiza darasani mashine ndogo ya kupiga chapa. Watoto walikwenda nje kutazama kazi za watu, wakarudi wakaandika walichokiona, wakachagua pamoja iliyo bora, wakaisahihisha pamoja, wakaipiga chapa kwa mikono yao, kisha wakawapelekea watoto wa shule nyingine, nao wakajibu. Kosa la tahajia likawa jambo la aibu ya kweli, kwa maana mtoto wa mbali angeliona. Freinet hakuhitaji fimbo.

Sisi je? Hatuna haja hata ya mashine. Karatasi kubwa ukutani yatosha. Watoto wa Gredi ya 8 wa Kangemi watumwe sokoni kumhoji mama mboga: mboga zinatoka wapi, ananunua kwa bei gani, kanjo anamtoza nini. Wamhoji fundi wa viatu, makanga, mlinzi wa usiku. Waandike mara ya kwanza, wasomeane, waulizane "hapa ulitaka kusema nini?", waandike mara ya pili. Kisha wabandike ukutani, na mama mboga mwenyewe aalikwe kuja kusoma yaliyoandikwa juu yake. Hapo mtafuteni mtoto mvivu, hamtamwona.

Pili, BARUA YA KWELI. Bomba likikauka wiki mbili, darasa liandike kwa kampuni ya maji. Taa ya barabarani ikizimika, liandike kwa MCA. Barua iwe na tarehe, anwani, jambo, na ombi. Ipelekwe. Ikijibiwa, jibu lisomwe kwa sauti na kuchunguzwa: wamejibu tulichouliza, au wametuzungusha? Isipojibiwa, iandikwe ya pili, kali kuliko ya kwanza lakini yenye adabu. Mtoto aliyeandika barua tatu za namna hiyo amejifunza zaidi ya aliyenakili mifano thelathini ya barua rasmi.

Tatu, MCHEZO. Hapa jirani, Limuru, mwaka 1976, wanakijiji wa Kamirithu walianza darasa la kusoma na kuandika la watu wazima, katika kituo chao wenyewe. Miongoni mwao walikuwamo wakulima, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo wa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, wakaurudisha kwa wanakijiji, nao wakausoma na kuusahihisha: hapa wazee hawasemi hivi, hapa wimbo si huo, hapa mshahara wa kibarua umekosea. Mtu aliyekuwa ameanza kujifunza herufi juzi alikuwa sasa anamsahihisha profesa. Mchezo ulionyeshwa Oktoba 1977, ukapigwa marufuku Novemba, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi waliojenga kwa mikono yao ukabomolewa na Serikali. Hivyo ndivyo Serikali ile ilivyotoa ushahidi kwamba njia hii yafundisha kweli.

Mwalimu wa Kawangware hana haja ya kungoja tamasha la drama la taifa. Achukue mkataba wa kazi, mmoja awe mwajiri, mwingine awe mfanyakazi, wausome kifungu kwa kifungu mbele ya darasa. "Hapa pameandikwa siku za kupumzika; ngapi?" Wabishane. Waandike upya kifungu kilicho kibaya. Watoto hupenda ubishi. Shule imeuchukua ubishi wao ikauita utundu.

Nne, HADITHI KWA SAUTI. Dakika kumi za mwisho, mwalimu asome hadithi nzuri, akatie mahali ambapo mwizi yuko nyuma ya mlango, afunge kitabu. Aache kitabu mezani. Atakayetaka kujua kesho kutatokea nini aazime. Bibi zetu walijua siri hii bila kwenda chuo: hadithi haimalizwi usiku mmoja.

Tano, ASIYEJUA KUSOMA KABISA. Huyu yupo katika kila darasa la Gredi ya 7, nyuma, kimya, amejifunza kusogeza midomo wenzake wanaposoma. Asirudishwe kwenye kitabu cha Gredi ya 1 chenye picha ya paka. Huko ni kumvua nguo mbele za watu. Aketi na mwalimu au na mwenzake mwenye subira, aeleze kwa kinywa jambo lake mwenyewe: jinsi anavyotengeneza baiskeli, jinsi timu yake ilivyofungwa. Mwenzake aandike maneno hayo hayo. Kisha yeye ayasome. Atayaweza, kwa kuwa ni yake. Anajua neno linalofuata kabla ya kulifikia. Kesho sentensi tano, wiki ijayo ukurasa. Kitabu chake cha kwanza atakuwa amekitunga mwenyewe.

WANAOPINGA TUWAJIBU

Wasema: "Hakuna nafasi katika silabasi." Katika vipindi 40 vya wiki, Kiingereza kina 5 na Kiswahili kina 4. Vipindi tisa! Hatuombi cha kumi. Twaomba viwili kati ya hivyo tisa viondolewe kwenye kunakili na kupewa gazeti na barua.

Wasema: "Mtihani unakuja." Naam, unakuja. Na mtoto aliyezoea kuandika ili aeleweke na mtu aliye hai atamwandikia mtahini bila taabu. Aliyezoea kukariri mifano atashikwa siku swali litakapogeuzwa kidogo. Tumewaona wa namna hiyo tangu siku za KCPE, ambayo ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtihani ulizikwa, tusimzike na mtoto katika kaburi la pili.

Wasema: "Watoto hawa wameharibiwa na Sheng." Twajibu: acheni wamhoji makanga kwa Sheng, kwa maana ndiyo lugha ya makanga. Lakini wanapomwandikia meneja wa kampuni ya maji wataona wenyewe kwamba Sheng haifiki ofisi ile, nao watautafuta Kiswahili sanifu na Kiingereza safi kwa hiari yao. Msomaji ndiye anayefundisha lugha. Fimbo haijapata kufundisha lugha yoyote, tena imekatazwa mashuleni tangu mwaka 2001.

Wasema: "Tutaletewa vifaa vya kisasa." Mwaka 2013 tuliahidiwa kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza, mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kufika, kwa shangwe na picha magazetini. Hatukichukii chombo. Lakini chombo bila jambo la kusema ni debe tupu lenye taa.

TUNAYODAI

Kwa hiyo, Ndugu Wanachama, tawi letu lipeleke madai haya, nasi tuyasimamie:

1. Kwa Serikali na TSC: kila mwalimu wa Sekondari Msingi aajiriwe kwa kudumu na kulipwa kazi anayoifanya. Ualimu wa kibarua ukome. Walimu waongezwe hata darasa moja la lugha lisizidi idadi ambayo mtu mmoja aweza kusoma kazi zake kwa wiki.

2. Kwa Hazina: shilingi 15,042 zilizowekwa kwa kila mtoto wa Sekondari Msingi kwa mwaka zifike shuleni zote na kwa wakati, na sehemu yake inunue vitabu vya hadithi, mbali na vile vya masomo. Kodi juu ya vitabu iondolewe.

3. Kwa Kaunti ya Nairobi: kila shule ya umma ya Westlands na Dagoretti ipewe siku yake katika maktaba, na nauli ya watoto isiwe juu ya mzazi.

4. Kwa halmashauri za shule: ubao mmoja wa gazeti la watoto katika kila shule, mahali ambapo mzazi anayepita ataweza kusoma. Na mwalimu mkuu asiuondoe kwa sababu watoto wameandika kwamba vyoo ni vichafu. Asafishe vyoo.

5. Kwa sisi wenyewe: mashine inayopiga chapa bulletini hii hukaa bila kazi siku nyingi za mwezi. Itolewe siku mbili kila mwezi kwa magazeti ya watoto wa Kangemi na Kawangware, chama kitoe karatasi, na shule hizo mbili ziandikiane. Hati za mshahara na mikataba, majina yakiwa yamefutwa, zipelekwe kwa walimu watakaozitaka. Na kila mwanachama akubali kuhojiwa na mtoto akija na daftari. Usimfukuze ukisema una kazi. Hiyo ndiyo kazi.

Kuna jambo moja zaidi, na hili halihitaji kibali cha Serikali. Usiku huu ukifika nyumbani, mpe mtoto wako bulletini hii akusomee, hata kama wewe wajua kusoma vizuri. Asome kwa sauti. Akifika mahali asipokubaliana nasi, mwambie achukue kalamu atuandikie. Barua za watoto tutazipiga chapa katika toleo lijalo bila kubadili neno, na zile za kutupinga zitatangulia.

Tukiyafanya haya, baada ya miaka michache mwajiri ataweka karatasi mezani na kusema "weka sahihi hapa chini", na kijana wa Kawangware atavuta kiti, aketi, na kusema: "Subiri kwanza, bwana. Ninasoma."

UMOJA NI NGUVU.

Kamati ya Elimu ya Tawi